Bahari ya Januari, na Mama yumo

Ukiishi kaskazini mwa Sweden, ikifika Oktoba mazungumzo ya saa ya kahawa kazini yanageuka. Kila mtu anamuuliza mwenzake atakwenda wapi kuota jua. Wapo wanaotaja Thailand, wapo wa Misri, wengi ni wa visiwa vya Canary, halafu wote wananigeukia mimi niliyezaliwa Tanga: "Wewe si unakwenda kwenu tu?" Nimeona niandike jinsi tulivyochagua mwaka huu, kwa sababu kuna mambo ambayo matangazo ya safari hayayasemi, na kuna mengine yanayotuhusu sisi wenye pasipoti za Afrika, ambayo jirani yangu Mswidi hajawahi kuwa na haja ya kuyafikiria.

Tulikuwa watu watano. Mimi nina pasipoti ya Tanzania na kadi ya ukaazi wa kudumu wa Sweden, kwani sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili na moyo wangu bado haujakubali kuirudisha ile ya kwetu. Mume wangu ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura. Alifika huku utotoni akiwa mkimbizi na sasa ni raia wa Sweden. Binti yetu ana miaka minne, mdogo wake miezi tisa, nao ni raia kama baba yao. Wa tano ni Mama, aliyekuja Novemba kutoka Tanga kunisaidia kulea, kwa viza ya kuingia mara moja ya Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti kwenye mipaka kati yao.

Mji wetu ni Umeå. Desemba jua huchomoza baada ya saa tatu asubuhi, na kabla ya saa nane mchana limeshazama. Mto unaganda, theluji inafunika kila kitu, na kuna siku kipimajoto kinashuka nyuzi ishirini na kitu chini ya sifuri. Nilidhani baridi ndiyo itakayomshinda Mama. Hapana, baridi aliizoea: soksi mbili, koti la mkwe wake, kanga kichwani chini ya kofia. Kilichomchosha ni giza. Adhuhuri, alasiri na magharibi zilikuwa zinafuatana kwa haraka kiasi kwamba hakunja mkeka. Akitoa salamu ya sala moja anakaa hapo hapo kungoja nyingine. Kufikia Krismasi alikuwa analala mchana, anakula kidogo, na ameacha kumsimulia binti yangu hadithi. Mtu aliyeamka alfajiri maisha yake yote kwenda kuchokoa pweza maji yakipwa, anakaa dirishani akiuliza, "Mwanangu, hili jua la kwenu huwa linakwenda wapi?"

Muuguzi wa kliniki ya watoto, tunapokwenda kumpima mdogo, naye alitukumbusha jambo ambalo kila Mwafrika anayeishi latitudo hizi anapaswa kulijua. Kuanzia vuli hadi mwanzo wa majira ya kuchipua, jua la huku liko chini mno kwa ngozi kutengeneza vitamini D, na ngozi nyeusi au mwili uliositirika huhitaji jua zaidi. Watoto wote wa Sweden hupewa matone ya vitamini D hadi miaka miwili, na watoto weusi hushauriwa kuendelea. Mama naye tukamnunulia vidonge. Lakini kidonge hakimpi mtu mwanga machoni, na hapo ndipo mume wangu aliposema, "Tumpeleke Mama baharini."

Nyumbani isingewezekana. Kwenda Tanga ni safari kubwa ya moyo, nami naipenda, ila si likizo ya ufukweni. Ukishuka una wazee wa kuwaamkia Ngamiani na Chumbageni, una misiba iliyopita ya kwenda kutoa pole, una mizigo ya zawadi uliyoifunga tangu miezi nyuma, una shangazi Pangani atakayenuna ukilala kwake usiku mmoja. Inataka mwezi mzima na akiba ya mwaka. Mume wangu na watoto kila mmoja anahitaji viza ya Tanzania ya dola 50, na wakivuka kwenda Unguja kuna bima ya Zanzibar ambayo tangu Oktoba 2024 kila mgeni wa kigeni lazima aikate, dola 44 kwa mtu mzima. Sisi tulikuwa na wiki moja.

Basi viza ya Mama ikaanza kutuchagulia. Viza ya kuingia mara moja, ukishatoka nje ya eneo la Schengen imekwisha, hata kama siku zake bado zipo. Ukimpeleka Mama Hurghada, Misri, hatarudi Umeå. Kwa mstari huo mmoja tukafuta Misri, Cape Verde, Gambia, Thailand, Dubai na Oman, yaani karibu kila mahali penye maji ya vuguvugu. Rafiki akatuambia, nendeni Martinique, si Ufaransa ile? Ni Ufaransa kweli, lakini maeneo ya Ufaransa ya ng'ambo, Martinique, Guadeloupe, hata Réunion iliyo bahari moja na sisi, hayamo ndani ya Schengen. Viza ya Sweden haikufikishi. Saiprasi imo Umoja wa Ulaya lakini Schengen bado, na Januari yake ni mvua. Hispania bara, Sicilia, Ugiriki na Malta mwezi huo watu wamevaa makoti. Madeira, kisiwa cha Ureno, ni nzuri, ila fukwe zake nyingi ni mawe, na Mama anaumwa magoti.

Vikabaki visiwa vya Canary. Ni mali ya Hispania, vimo Schengen, na viko latitudo ya 28, karibu na pwani ya Morocco kuliko Madrid. Bima ya safari aliyokata Mama alipoomba viza, ile inayotakiwa kufikia angalau yuro 30,000, sharti lake ni kwamba ifanye kazi nchi zote za Schengen, kwa hiyo hatukuhitaji kununua nyingine. Nawasihi wenzangu wenye wazazi wanaokuja kutembea: beba karatasi ya bima hiyo, na kila mtu abebe pasipoti yake halisi. Kwa kuwa huvuki mpaka wa nje, hupiti dirisha la uhamiaji, lakini hoteli za Hispania zinatakiwa kuandika hati za wageni wote, na kadi ya ukaazi peke yake bila pasipoti haitoshi kusafiria.

Hapo kazi ikabaki kuchagua kisiwa, na humo ndimo Waswidi wengi wanamochagua kwa picha. Sisi tuliolelewa pwani tunajua kwamba picha haina upepo. Babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi, na swali lake la kwanza juu ya bandari yoyote lilikuwa: upepo unaingilia wapi? Canary upepo ni wa kaskazini mashariki karibu mwaka mzima. Unagonga visiwa, unapanda milima, unaacha mawingu na mvua upande wa kaskazini, na upande wa kusini unabaki mkavu wenye jua. Ndiyo maana mtu anaweza kushuka Las Palmas, kaskazini mwa kisiwa cha Gran Canaria, akaona mawingu mazito, akaenda kusini kwa basi chini ya saa moja akakuta watu wanajipaka mafuta ya jua. Kisiwa ni kimoja. Anayepanga chumba kaskazini kwa sababu ni rahisi, kisha akalalamika kwamba Canary ni baridi, alipaswa kutazama ramani kabla ya bei.

Milima nayo ina maana yake. Gran Canaria inafika karibu mita 1,950 katikati, Tenerife ina Teide ya mita zaidi ya 3,700, kwa hiyo kusini mwa visiwa hivyo pana kinga ya kweli. Fuerteventura ina mchanga mrefu na mzuri kuliko visiwa vingine vyote, lakini mlima wake wa juu haufiki mita 850, na upepo unapita juu yake bila kizuizi. Kwa kijana mwenye ubao na tanga ni raha tupu. Kwa mtoto wa miezi tisa na bibi yake ni mchanga machoni kutwa. Tukaishika Gran Canaria.

Halafu maji. Nasema wazi kwa sababu nimeona watu wakihuzunika: Januari bahari ya Canary ni nyuzi 19 au 20. Mkondo wa baridi hushuka kutoka kaskazini ukipita Ureno na Morocco, na jua lote lile halimalizi baridi yake. Tanga mwezi huo huo maji yako kwenye nyuzi 28 hivi. Hewa ya mchana kusini mwa Gran Canaria ni nyuzi 21 au 22, usiku 15, na nyumba nyingi hazina vipasha joto. Kwa mtu anayetaka kukaa majini saa nzima, hapo si mahali pake Januari. Kwa mtu anayetaka jua usoni, kutembea pwani, kuloweka miguu na kulala na dirisha wazi kidogo, patamtosha. Mama alikuwa mtu wa pili.

Kuhusu tarehe, binti yetu bado hajafikia umri wa shule ya lazima, kwa hiyo hatukufungwa na likizo ya shule, ambayo huku Umeå huangukia wiki ya kumi ya mwaka. Wiki hiyo bei zinapanda, na mwaka huu ingetukuta tumefunga, maana Ramadhani inaingia katikati ya Februari. Krismasi bei ilikuwa inatisha. Tulipotazama wiki ya tatu ya Januari, nyumba ile ile ilikuwa imeshuka karibu nusu. Mwenye watoto wadogo au mzee aliyestaafu, Januari baada ya sikukuu ndiyo wiki zako. Ndege ya kukodi inachukua saa sita na ushei kutoka huku kaskazini, na saa za huko ziko nyuma ya Sweden kwa saa moja tu. Thailand ni saa sita mbele. Kwa mtoto anayenyonya, tofauti hiyo ni usingizi wa nyumba nzima.

Jambo lililokuwa gumu kwetu kuliko yote halimo kwenye tovuti yoyote ya safari. Ni heshima. Mama mkwe na mkwe wake hawawezi kwenda ufukweni kama wanavyokwenda Waswidi. Mume wangu hatavua shati mbele ya Mama, na Mama hatakaa mahali ambapo watu wamelala uchi huku mkwe wake amekaa mita mbili pembeni. Sasa matuta maarufu ya mchanga ya Maspalomas, mahali panapotokea kwenye kila picha ya Gran Canaria, yana sehemu za wanaokaa uchi kati ya mnara wa taa na Playa del Inglés, na njia ya kutembea pwani inapita hapo hapo. Siwahukumu watu; ni desturi yao na ufukwe ni wa wote. Lakini nisingemtembeza Mama pale. Watu wa kwetu wanaosafiri na wazazi waulize jambo hili mapema na kwa uwazi, wala wasione haya kuuliza.

Puerto Rico, si ile ya Karibi bali mji wa Gran Canaria mashariki kidogo ya Puerto de Mogán, pana ghuba tulivu na jua la uhakika, ila nyumba za kupanga zimepandishwa kwenye miteremko mikali, ngazi juu ya ngazi. Amadores jirani yake ni vivyo hivyo. Magoti ya Mama yakakataa kabla Mama hajaulizwa. Ndipo tukafika Puerto de Mogán, mwisho wa pwani ya kusini magharibi. Ni mji wa wavuvi, bandari ndogo, vijia tambarare vyenye maua ya bogenvilia juu ya milango, vimifereji vya maji na vidaraja. Ufukwe wake ni mdogo, umekingwa kwa mawe, mawimbi yanaingia yamechoka. Watu wanaokwenda pale wengi ni wazee na wenye watoto. Tulipanga nyumba yenye jiko ghorofa ya chini. Jiko lilikuwa sharti langu: mama wa Kitanga hawezi kula hotelini wiki nzima akahesabu kwamba amepumzika, na suala la nyama ya halali linakwisha ukijipikia samaki.

Asubuhi ya kwanza jua lilichomoza kabla ya saa mbili, na jioni likazama saa kumi na mbili na nusu. Mama alisali kila sala kwa wakati wake, zikiwa zimeachana kama zinavyotakiwa. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, kanga mabegani, mjukuu mdogo mapajani akimwita "mume wangu" kama bibi wote wanavyowaita wajukuu wa kiume, na akaanza kusema. Nasema kweli, kusema tu. Alizungumza na mwanamke wa Kihispania mwenye rika lake kuhusu wajukuu, kila mmoja kwa lugha yake, na wakaelewana hadi adhuhuri. Majini aliingia mpaka kwenye vifundo, akatoka mbio, akasema, "Haya maji yanatoka kwenye friji?" Kesho yake akarudi tena, akakaa kwenye jiwe akitazama maji yakipwa. Alikuwa anakisia bamvua kwa macho. Canary bamvua huzidi mita mbili kidogo, kwetu Tanga hupita mita tatu, na Mama bila kipimo chochote aliniambia, "Hapa maji hayaendi mbali."

Nilichokifurahia zaidi ni soko la samaki. Kule kuna samaki wanayempenda kuliko wote, wanamwita vieja. Mama alipomwona kwenye barafu alinishika mkono: "Pono huyu!" Na kweli ni jamaa ya pono, mdomo ule ule wa kasuku, magamba makubwa yale yale. Tukamnunua na pweza, na jodari kidogo. Tuliomba viazi vyao vidogo vinavyochemshwa kwa chumvi nyingi hadi maganda yanakunjamana, na ile rojo nyekundu ya pilipili na kitunguu saumu wanayoiita mojo. Mama aliionja, akanyamaza akiwaza, kisha akaongeza ndimu. Tui la kopo nilikuwa nimelibeba kutoka Umeå. Usiku ule tulikula wali wa nazi na pono wa kupaka, na Mama alikula kama alivyokuwa akila zamani, akaomba tena.

Siku moja tulikwenda Arguineguín, mji wa wavuvi ulio pwani hiyo hiyo, kununua samaki. Mume wangu alisimama gatini muda mrefu bila kusema. Gati lile ndilo ambapo Novemba 2020 watu zaidi ya elfu mbili waliookolewa baharini walikuwa wakilala sakafuni kwa siku nyingi, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine palipoandaliwa. Walikuwa wametoka Morocco, Sahara Magharibi, Mauritania, Senegal, kwa mitumbwi ya mbao. Mwaka 2024 waliofika Canary kwa njia hiyo walizidi 46,000, wengi kupitia El Hierro, kisiwa kidogo cha magharibi kabisa. Wasiofika hakuna anayejua idadi yao. Mume wangu alivuka mpaka mtoto, mkononi mwa mama yake, na sasa amesimama pale na pasipoti nyekundu mfukoni. Mama alipoelezwa alinyanyua mikono akawasomea Fatiha waliobaki baharini, sisi tukaitikia amina, hata binti yangu. Kisha tukanunua samaki. Sioni kwamba hilo linatuzuia kwenda likizo Canary, wala siamini kwamba mtu mweusi anaweza kwenda pale na asijue. Wauza miwani wa Kisenegali wanaotembea ufukweni, tulisalimiana nao kwa salamu ya dini kila siku, na kila siku waliuliza Mama ameamkaje.

Mambo ya kubeba ni machache. Sweta na shuka nzito kwa ajili ya usiku. Viatu vya kutembelea kwenye mawe. Mwenye pumu abebe dawa zake zote mkononi, kwa maana zipo siku upepo unageuka ukatoka Sahara na vumbi, wenyeji wanaiita calima. Februari 2020 ilikuwa nzito hadi viwanja vya ndege vikafungwa. Na heshimu bendera za ufukweni. Nyekundu ikipandishwa usiingie majini, hata kama wewe ni mtoto wa pwani uliyeogelea Raskazone tangu hujajua kusoma. Atlantiki inavuta kwa namna ambayo bahari yetu ndani ya miamba haivuti.

Sasa, wewe ambaye hubanwi na viza ya mtu, uwanja wako ni mpana, na ningekushauri hivi. Misri upande wa Bahari ya Shamu, Januari na Februari maji ni nyuzi 21 hadi 23, kuna matumbawe yaliyo hai hatua chache kutoka pwani, na bei ni nafuu. Lakini Hurghada upepo wa kaskazini unavuma kwa nguvu na jioni ni baridi; shuka kusini hadi Marsa Alam, pana afadhali. Cape Verde, kisiwa cha Sal, maji ni nyuzi 22 au 23 na hewa 25, ila upepo huo haulali. Gambia hewa inafika nyuzi 30 huku maji yakibaki baridi, kwa kuwa mkondo ule ule wa Canary unaifikia. Waswidi wana historia nayo: ni Mswidi, Bertil Harding, aliyepeleka watalii wa kwanza wa ndege za kukodi Gambia mwaka 1965. Dubai wengi hudhani ni joto mwaka mzima, lakini bahari ya Februari ni nyuzi 21 au 22, na bwawa la hoteli ndilo watu wanaloogea.

Ukitaka maji ya vuguvugu kweli kweli lazima uende mbali. Thailand, chagua upande. Upepo wa kaskazini mashariki unaovuma Asia majira hayo ni ndugu wa kaskazi yetu. Unaiacha pwani ya magharibi, Phuket na Krabi, ikiwa tulivu na kavu kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na unapiga upande wa pili. Koh Samui mvua yake kubwa ni Oktoba hadi Desemba. Anayekwenda Krismasi na kutumia fedha nyingi hivyo ajue tofauti hiyo. Na Zanzibar, kwa rafiki zangu Waswidi wanaoniuliza: Januari na Februari ni kaskazi, joto na bahari yenye rangi. Mkitaka kuogelea saa yoyote laleni Nungwi au Kendwa, maana Paje na Jambiani maji yakipwa yanakwenda mbali sana, na ukiwa na siku chache unaweza kuzimaliza nusu yake ukitembea kwenye mchanga mtupu. Mimi hayo maji kupwa nayapenda, ndipo penye maisha yote, akina mama wa mwani na pweza na watoto wenye ndoo. Ila mgeni aambiwe.

Nikiwa na uhuru wa kuchagua, mimi na mume wangu macho yetu yako Salalah, kusini mwa Oman. Januari hewa nyuzi 27 hivi, maji 25, minazi na migomba imejaa mjini, kando ya barabara wanauza madafu na mapapai, na milimani kuna miti ya ubani. Juni hadi Septemba usithubutu kama unataka kuogelea, maana ndiyo majira ya manyunyu na mawimbi makubwa, yanayopendwa na Waarabu wanaokimbia joto la Ghuba. Mama ana binamu Muscat, watoto wa wale waliohama Unguja baada ya 1964, na nyumbani kwao Kiswahili bado kinazungumzwa mezani. Hawajaonana kwa miaka mingi. Tumepanga Mama akija tena tumwombee viza ya Schengen ya kuingia mara nyingi, barua ya sababu nimeshaanza kuiandika, na ya Oman kwa Mtanzania tutaiulizia ubalozini kabla ya kununua tiketi hata moja.